Mafiga ya Mwalimu Ambakisye

Hapana, sijalewa. Nanusa tu. Kunusa kungekuwa kunalewesha, nusu ya Wakristo wa Igowole wangekuwa wanatambaa kwa magoti. Mjukuu wangu Tumaini, ndiye ananiandikia haya maana mimi na kalamu tunasalimiana kwa mbali, kaniletea ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, wa leo asubuhi kwenye kikombe cha plastiki. Ule mpya, mtamu, bado una povu, una ile harufu ya mwanzi mbichi uliokatwa sasa hivi. Nimeshika kikombe puani, nimefumba macho, na yeye ananitazama kama nesi. "Bibi, kwani hunywi?" Sinywi. Niache kwanza. Hii harufu inanipeleka mahali, na nikishafika huko sipendi kurudishwa mbio mbio.

Inanipeleka kambini, kwa Mwalimu Ambakisye.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, uhuru bado. Mahindi yakishavunwa na shule zikifungwa, misheni yetu ilikuwa inakusanya watoto wa shule kutoka vijiji vya huku Mufindi, wanakaa pale wiki tatu, wanasali, wanacheza, wanaimba. Mwezi wa saba. Wa huku mnaujua mwezi wa saba wetu. Nyie wa Dar es Salaam vaeni sweta kwanza ndio muendelee. Ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Asubuhi majani meupe, ukiyakanyaga yanalia chini ya mguu kama bisi. Watoto wanalala kwenye darasa, juu ya nyasi kavu, wamebanana kama vifaranga, wakiamka wote wananuka moshi na mkojo wa yule mmoja ambaye hakuwahi kujulikana. Mimi namjua. Sasa hivi ni mzee wa watu, anaheshimika, basi nanyamaza.

Mimi lakini sikuwa wa kambi. Nilikuwa mtoto wa maji. Wazazi wangu walishakufa, naishi na bibi yangu, na bibi hakuwa Mkristo wala hakuwa na shida ya kuwa. Alikuwa na mianzi yake aliyoachiwa na babu, anaigema mwenyewe: anakata ncha kwa kakisu kake, anafunga pale mbeta, ile pingili ya mwanzi ya kukingia, halafu asubuhi na jioni anazunguka kuangalia zimejaa kiasi gani. Mchungaji, mzungu mmoja mrefu, alimfuata mara tatu. "Mama, mimi ninangoja vewe kanisani." Bibi, huku anafuta kisu kwenye kaniki: "Ningoje. Mianzi ikikauka nakuja." Kwa hiyo nikaitwa mtoto wa ulanzi, na misheni walinihitaji kwa kazi moja tu, maji ya jikoni. Debe kichwani toka mtoni mpaka jikoni, mara saba, mara nane kwa siku, wananipa ugali uliobaki na maharage. Umri wangu nadhani miaka tisa, au kumi. Hakuna aliyeandika.

Ukibeba maji peke yako unatafuta wa kuongea naye. Mimi nilikuwa naongea na watu wote, maana nilikuwa nao kooni. Namtoa mchungaji: "Vatoto vapendva, mimi nina furaha kubva kuona nyinyi mmenava." Lakini niliyependa kumtoa hasa ni Mzee Yelemia. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, ndiye anashika daftari la shule, nani aandikwe nani asiandikwe, na alikuwa anaongelea puani, neno la mwisho analirudia kama anapigilia msumari. "Kimya, kimya. Wenye majina kwenye daftali mbele, mbele. Wasio na majina nje, nje." Mimi nilikuwa nje, nje kila siku, basi nikapata nafasi nzuri ya kumsikiliza.

Siku moja niko mtoni najaza debe, mikono imekufa baridi, nikataka kucheka kidogo. Nikaita kwa sauti ya Mzee Yelemia: "Mwalimu! Mwalimu Ambakisye! Njoo hapa upesi, upesi!"

Wee! Nikasikia matope. Mwalimu huyo anashuka bondeni mbio, kofia mkononi, anateleza, anasimama, anateleza tena, mpaka mbele yangu. Anatafuta mzee. Mzee hakuna. Kuna mimi na debe. Nikajua leo napigwa. Akaniuliza mzee yuko wapi, na mimi nikamjibu kwa sauti ile ile, ilikuwa bado haijatoka kooni: "Ameondoka, ameondoka."

Alicheka yule mtu. Alicheka mpaka akakaa kwenye majani yenye barafu na kaptula yake, akafuta macho kwa kofia.

Mnaona wote nawaigiza, yeye simwigizi. Watu wananiulizaga. Nimemwigiza jumbe, nimemwigiza daktari, nimemwigiza marehemu mume wangu kwenye msiba wake mwenyewe, waliokuja kulia wakacheka mpaka shemeji akanitoa nje. Mwalimu Ambakisye hapana. Sauti yake ninayo, iko hapa, nzima kama yai. Nimeiweka. Naogopa nikiitumia tumia itachakaa.

Alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, mfupi, masikio makubwa mpaka jua linapita, na koti moja lenye kifungo kimoja. Kazi yake ilikuwa kule Chunya, Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, anatunza stoo ya sepetu na kamba. Kila mwezi wa saba anaomba likizo, anapanda lori Mbeya, analala juu ya magunia, linamshusha barabara kubwa, halafu anatembea kutwa nzima aje afundishe watoto wa watu kuimba. Hakuna aliyemlipa. Wengine walisema huyu ana kosa kalifanya huko Chunya, anajificha. Mtu mwenye akili zake aache mapumziko aje kwenye baridi ya Mufindi? Yeye aliomba blanketi na mahali pa kulala tu. Wakampeleka kwa babu Kihwele, baba yake Mzee Yelemia, mzee aliyefiwa na mke anakaa peke yake kwenye kilima cha mianzi ng'ambo ya kanisa. Alilala kwa babu Kihwele miaka mitatu, kila Julai. Hilo mlikumbuke. Mimi nililisahau, likanigharimu.

Sasa kufundisha kwake. Waalimu wengine wanaandika ubaoni. Yeye alibeba mawe. Mawe manane, kila moja unaweza kukalia, akayapanga kupanda mteremko toka mlango wa kanisa mpaka kwenye mikaratusi. Jiwe la chini do, linalofuata re, halafu mi, fa, hivyo hivyo mpaka do ya juu kwenye miti. Alikuwa na kachuma ka meno mawili, anakapiga kwenye goti kanalia mmmm, anakaweka kwenye jino lake, anasikiliza. Halafu wewe unasimama kwenye jiwe unatoa sauti ya jiwe lako. Ananyoosha kidole, unaruka: do, mi, so, unarudi mi. Ukikosea miguu yenyewe inakwambia. Watoto walikuwa wanajifunza wimbo mpaka wanatoka jasho kwenye baridi ile, na kilima chote kinalia kama mzinga wa nyuki.

Njia yangu ya jikoni inapita pale pale. Kila nikipita nakanyaga. Debe kichwani, do, re, mi, sauti natoa chini chini, maji hayamwagiki. Mwaka wake wa tatu, siku ya pili au ya tatu ya kambi, nikasikia nyuma yangu kimya. Nageuka, watoto wote wananitazama, na mwalimu katoa kofia. Akaniambia nitue debe. Akaniomba nimpe do. Nikampa. Akapiga kachuma kwenye goti kuhakikisha, vikakutana, mimi na chuma, hata unywele haupiti katikati. Akakarudisha mfukoni. Toka siku hiyo kachuma hakakutoka tena, kila asubuhi anayetoa do ni mimi.

Watoto wa daftari walinuna. "Mtoto wa ulanzi kasimama kwenye so! Mwalimu, ananuka!" Nilikuwa nanuka kweli. Ulanzi ukikushika kwenye nguo hautoki. Mwalimu alijibu kwamba yeye anatokea kwenye machimbo, na yeye ananuka, wachague basi nani atoke.

Mzee Yelemia akaja na daftari lake kwapani. "Huyu jina lake liko wapi, liko wapi?" Mwalimu akamwambia halipo, na ndilo jambo alilotaka kumweleza, kwamba ameshaongea na mchungaji. Mtoto akiimba Jumapili ya kufunga kambi, mbele ya kanisa zima, na akaimba vizuri, Januari aandikwe darasa la kwanza. Jamani. Mimi niko pale nasikia. Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya moto mgongoni, yale mazuri. Mzee Yelemia alinitazama toka miguu mpaka kichwa, safari haikuwa ndefu. "Aimbe. Nitasikia, nitasikia. Lakini akituaibisha, jina lake lisitajwe tena hapa, hapa." Kesho yake akasafiri kwenda Kihesa, Iringa mjini, kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Angerudi Jumamosi ya mwisho.

Nikakimbia kwa bibi. "Bibi, nitaandikwa kwenye daftari!"

"Daftari ndiyo nini, inaliwa?"

"Nitasoma!"

"Na mbeta zangu atazunguka nani?" Akaendelea kunoa kisu. Lakini jioni nikamwona amechukua kale kanguo kangu kamoja, anakafua kwa majivu, anakapiga kwenye jiwe kama kamemkosea, huku mimi nimejifunika gunia. Bibi yangu hakuwa anasema ndiyo kwa mdomo.

Kikabaki wimbo. Mwalimu alikuwa analalamika kwamba zile nyimbo za kitabu tunaziimba kama watu wanaovusha kabati mtoni. Alitaka wimbo wa hapa hapa, wenye mwitaji na waitikiaji, auwekee maneno ya kanisa. Akauliza mtoto mmoja mmoja. Wale wa daftari wakatazama vidole vya miguu, maana nyimbo za nyumbani walishafundishwa kuzionea aibu. Akafika kwangu.

Mimi nilijua wimbo mmoja tu mzima. Ule wa bibi wa kuzungukia mianzi. Mmoja anauliza, "Umejaa?" Wengine wanajibu, "Bado, bado kidogo." "Umejaa?" "Bado, bado kidogo." Unakwenda hivyo mwanzi kwa mwanzi, mpaka mwisho wote mnapiga kelele, "Umejaa!" Huo huo ndio watu wanauimba jioni kikombe kikizunguka, ila hapo maneno yanaongezeka, na hayo Tumaini hatayaandika, bado hajaolewa.

Nikauimba. Mwalimu akaniuliza ni wimbo wa kazi gani.

Nikatazama jiwe langu. Nikisema ulanzi, narudi kwenye debe, na daftari ndiyo basi. "Wa kusaga mahindi, mwalimu."

Alinitazama kidogo. Sio sana. Halafu akauliza, pale kwenye bado kidogo, sauti haishuki mara mbili? Akauimba polepole. Mimi sikuwahi kuusikia hivyo. Bibi yangu anashuka mara moja tu, puu, kama mtu anayekaa kwenye kigoda. Yeye alishuka, akaning'inia, akashuka tena, kama mtu anayeteremsha mbeta iliyojaa asimwage. Ilikuwa nzuri mpaka meno yakaniuma. Nikasema, "Ndiyo hivyo hivyo, mwalimu." Ningekubali hata angesema unaimbwa kichwa chini miguu juu. Nikawaza, kumbe kusoma ndiyo huku, unapewa wimbo usioujua na unaurekebisha.

Akauwekea maneno ya kumngoja Bwana. "Amekuja?" "Bado, bado kidogo." Watoto wote pale wanaujua wimbo! Baba zao wanarudi nao nyumbani kila jioni. Tuliuma midomo, tulibinyana, mmoja alianguka toka kwenye fa kwa kuzuia kicheko. Hakuna aliyesema. Tulijua tunamficha mgeni.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Wenye vitabu mbele, na nyuma kabisa, karibu na mlango, benchi la wazee wasiojua kusoma, babu Kihwele katikati yao. Vitabu vikigawiwa vinapita juu ya vichwa vyao. Wanakaa pale ibada nzima kama magogo yaliyosahaulika, wanasimama wengine wakisimama, wanakaa wengine wakikaa. Mdomo wa babu Kihwele sikuwahi kuuona wazi, mimi nilidhani hana meno anaona haya. Na mlangoni, nani? Bibi yangu. Kaniki safi, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Nikatoa do. Nikauliza, "Amekuja?" Watoto wakajibu, sauti ikashuka, ikaning'inia, ikashuka. Nikauliza tena. Na mara ya tatu nikasikia sauti kutoka nyuma. Nene, kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Babu Kihwele. Kafumba macho, kanyoosha mkono mbele, kiganja juu, kama mtu anayengoja kikombe kimfikie. "Bado, bado kidogo." Halafu jirani yake. Halafu benchi zima. Halafu akina mama. Bibi yangu mlangoni akapiga kigelegele, yule asiyekuwa Mkristo! Na mwisho watoto wakapiga kelele "Amekuja!" na wazee nyuma wakapiga kelele "Umejaa!" na mabati yakatetemeka.

Nimezaa, nimezika, nimeona uhuru, nimeona umeme. Mngeniambia nichague kurudishiwa muda mmoja tu, ningeomba huo, kabla ya kinachofuata.

Mzee Yelemia akasimama. "Kimya, kimya." Kanisa likanyamaza lote, isipokuwa babu Kihwele, masikio yake hayakuwa mazuri, yeye akaendelea peke yake. "Nani kaleta wimbo wa ulanzi kwenye nyumba ya Bwana? Nani, nani?"

Vidole vya watoto vikanigeukia vyote, waliokuwa wanacheka na mimi kwenye mawe.

Mwalimu akasema ni yeye kauleta. Mzee Yelemia akatikisa kichwa. "Wewe Mnyakyusa, utaujulia wapi, wapi?" Akaja kwangu kidole mbele, nikaona daftari kwapani, nikaona Januari yangu inaondoka. Bibi akaingiza mguu wa pili ndani. Mwalimu akasogea, akasimama kati ya kile kidole na mimi, akasema neno.

Neno lenyewe nitawaambia. Ngojeni nipumue, halinitoki haraka.

Baada ya neno hilo mama mmoja alicheka kwa nguvu, akajiziba mdomo. Mchungaji akatazama viatu vyake. Kesho yake asubuhi mwalimu akaambiwa ahsante, asirudi. Blanketi alilikunja akalirudisha. Alipita kwetu kuaga, bibi akampa maji, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, kama siku zote, hata ukimpa maji ya kunawa alikuwa anasema ndaga. Hakunigombeza. Hakuniuliza kuhusu kusaga mahindi. Aliniomba tu nimpe do, ya kutembea nayo.

Haikutoka. Nilifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Mimi, ninayemtoa jumbe na mchungaji na mbuzi akitaka kuzaa. Alingoja. Alingoja kweli. Halafu akavaa kofia akaenda.

Kambi iliendelea mwaka mmoja au miwili bila nyimbo, watoto wakapungua, ikaisha. Jina langu halikuingia kwenye daftari lolote mpaka leo, isipokuwa la zahanati na, ukubwani, la ubatizo. Mawe yale Mzee Yelemia aliamuru yapelekwe jikoni. Bibi yangu hakumwomba mtu. Alikwenda mchana kweupe, akaniuliza yapi, nikamwonyesha kwa kidole, akayabeba kichwani, safari tatu: do, mi, so. Ndiyo mafiga yangu haya. Tumaini hapa amepikia maharage, hajui amepikia wimbo. Nimelea watoto saba juu ya hayo mawe, na kuna asubuhi, kabla hawajaamka, nilikuwa nagusa moja moja na mguu.

Nilimtafuta. Nilipokuwa mtu mzima nilipanda gari mpaka Mbeya, nikasimama sokoni, nikauliza Ambakisye. Mbeya Ambakisye wako kama viazi! Mmoja anauza ndizi akaniambia, "Ni mimi huyo, mama, nimekosa nini?" Nikanunua ndizi nikarudi. Wengine wakasema Makongolosi. Makongolosi nako wakasema labda alishaondoka, huko watu wanapita.

Na miaka yote hiyo nilibeba kitu sikumwambia mtu. Kwamba nilimdanganya mgeni, mgeni akafukuzwa. Lile neno alilosema kanisani nilidhani ni uongo wa kuniokoa, kwamba mtu yule mwema alidanganya nyumbani kwa Mungu kwa ajili ya uongo wangu. Nilikuwa naliombea. Nilipobatizwa ukubwani, hilo ndilo la kwanza nililotaja, kimoyomoyo.

Halafu nikiwa tayari na wajukuu nilialikwa kwenye harusi, kule kwenye kilima cha babu Kihwele. Msimu wa ulanzi. Mjukuu mmoja wa yule mzee, naye tayari ana mvi, kashika kikombe akaanza kuimba. "Umejaa?" Na wenzake wa kilimani wakajibu. Bado kidogo yao ikashuka. Ikaning'inia. Ikashuka tena.

Chakula kilinimwagikia mapajani. Nikamwuliza, "Nani kawafundisha kushuka mara mbili?" Akacheka. "Hivyo ni sisi tu, mama, wa kilima hiki. Babu alikuwa anaimba hivyo. Kwingine wanashuka mara moja, hawajui."

Basi. Nikakaa pale na nguo yangu yenye mchuzi. Siku ile kwenye mawe mwalimu alinirekebisha kwa sababu alikuwa anaujua wimbo kuliko mimi. Uongo wangu aliuona ukiwa bado mdomoni, akauacha upite, kwa sababu nilikuwa nautaka ule mwezi wa Januari kwa macho yote. Na Julai tatu alikuwa anakaa jioni na yule mzee, anamsikia anavyoimba nyumbani kwake, halafu Jumapili anamwona analetwa kanisani anakalishwa kama gogo, vitabu vinampita juu ya kichwa. Alitaka yule mzee apate kitu cha kuitikia, hata mara moja. Yeye kule nyuma, na mimi nje nje. Wote tusiosoma, kwa wimbo mmoja.

Sasa Tumaini, shika kikombe. Sauti ya mwalimu nitaitoa, mara moja, halafu tunakula.

Kanisa kimya. Babu Kihwele nyuma peke yake, kiganja juu, anaendelea. Mzee Yelemia kidole kwangu: "Wimbo huu umetoka kwa huyu mtoto wa ulanzi, kwa huyu, kwa huyu." Na Mwalimu Ambakisye, taratibu, bila hasira, kama anavyokutajia jina la jiwe:

"Umetoka kwa baba yako, mzee. Geuka umtazame, bado anaimba."